Ndimi ndefu mlangoni si dalili ya tanuri kali

Wahunzi wengi wanaotumia tanuri la gesi huamini kwamba ndimi za moto zikitoka mlangoni kwa wingi ndipo joto limepanda, hivyo huongeza presha ya gesi. Ukweli ni kwamba propani, gesi itumiwayo sana katika matanuri haya, huhitaji hewa takriban mara 24 ya ujazo wake ili iungue yote. Ndimi hizo ni gesi iliyokosa hewa ndani, inayoungulia nje isikopasha chuma, tena ni ishara ya monoksidi ya kaboni, sumu isiyo na harufu. Fungua tundu la hewa la kichomeo kidogo kidogo hadi ndimi zifupike, lakini usipitilize (hapa wengi hukosea), kwani hewa ikizidi chuma hutoka kimejaa magamba meusi.