Kuku Mmoja, Kijiti kwa Kijiti

Wiki yangu ya kwanza katika jiko la yakitori, kuku wa vijitini wa Kijapani, hapa Tokyo sikuruhusiwa hata kuusogelea moto. Nilikuwa nimetoka Tanga, nimekulia nyuma ya jiko la mishikaki la mjomba, najiona fundi kamili. Nikapewa kisu kifupi, ubao na beseni la mapaja ya kuku. Nikatunga vijiti sitini, vimenyooka, vinapendeza macho. Bosi akaokota kimoja, akakishika kwa ncha za vidole na kukizungusha. Kijiti kikazunguka, nyama ikabaki pale pale. Akachukua cha pili, hivyo hivyo. Kisha akavichomoa vyote sitini bila kusema neno, akanisogezea beseni.

Mpishi wa yakitori hageuzi nyama, anageuza kijiti. Nyama ikicheza kwenye kijiti, upande ulioiva unarudi motoni na ule mbichi unaendelea kutazama dari. Kwa hiyo kijiti lazima kikatize nyuzi za nyama, kipite katikati ya unene wake, kikizama na kuibuka kidogo kama sindano ya kushona, na vipande vibanane. Upande wa mkono vinakaa vipande vidogo. Vikubwa vinawekwa kwenye ncha, maana huko ndiko moto ulikokolea na ndiko mlaji anakoanzia. Wenyewe wana msemo: kutunga miaka mitatu, kuchoma maisha yote. Mimi nilikaa kwenye kutunga miezi kumi na moja kabla ya kupewa kipepeo cha kupepea moto, na hapo walinionea huruma.

Haupiti mwezi bila mtu anayekuja huku kwa masomo au biashara kuniuliza: yakitori si ni mishikaki tu? Ni mishikaki kwa maana ya kijiti na mkaa. Lakini mishikaki yetu huanza usiku uliotangulia, nyama ikalazwa na tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na papai bichi. Huku hakuna kulaza. Ni chumvi au sosi, basi. Kinachobadilisha ladha kutoka kijiti kimoja hadi kingine ni sehemu ya kuku iliyotungwa. *Yaki* ni kuchoma, *tori* ni ndege, na kwa mazoea ndege huyo ni kuku. Kazi yote ni kumgawa kuku mmoja mpaka awe nyama kumi na zaidi, kila moja na moto wake.

Tuanze na mahali pa kukaa. Ukitaka kelele na moshi, nenda chini ya reli ya Yurakucho, au kwenye vichochoro vya Omoide Yokocho pale Shinjuku, vilivyotokana na soko la magendo la baada ya vita. Ukiwa na fedha na subira ya kuweka nafasi mapema, yapo majiko kama Birdland ya Ginza na Torishiki ya Meguro, yaliyowahi kupewa nyota ya Michelin, kile kitabu cha kupima mikahawa. Mimi namshauri mgeni atafute ya katikati: kaunta ya viti nane au kumi, mpishi mmoja mbele, msaidizi mmoja, na harufu inayokufikia kabla hujaiona taa nyekundu ya karatasi mlangoni. Kaa kaunta. Mezani utaletewa chakula, lakini kwenye kaunta unakiona kinavyopatikana.

Utapewa kitambaa cha moto cha kufuta mikono, na kibakuli kidogo ambacho hukuagiza. Usikirudishe. Kinaitwa *otoshi*, ndiyo ada ya kiti, mara nyingi yeni 300 hadi 500, na kitakuwemo kwenye hesabu. Wageni wengi hugombana kwa ajili ya kibakuli hicho, bure tu. Kinywaji kinaagizwa kwanza. Wengi husema bia kabla hawajakaa vizuri, ila chai ya ulong yenye barafu ipo kila mahali na hakuna atakayekushangaa.

Halafu vijiti. Ukisema *omakase*, umemwachia mpishi achague, atakuletea kimoja kimoja mpaka umwambie basi. Kwa mara ya kwanza ndiyo njia bora. Ukitaka kuchagua mwenyewe, anza na *negima*, paja na kitunguu cha majani kwa zamu, kwa kuwa hicho ndicho kinachoonyesha kama jiko lina adabu. Kitunguu lazima kiive mpaka kiwe kitamu na chenye maji ndani, na nyama isikauke ikikisubiri. Vitu viwili vinavyoiva kwa mwendo tofauti kwenye kijiti kimoja: mpishi hawezi kujificha hapo.

Baada ya hapo ingia ndani ya kuku. Firigisi, *sunagimo*, humenywa utando wake mweupe mpaka ibaki nyama tupu ya zambarau, ikichomwa kwa chumvi inalia menoni. Ngozi, *kawa*, hasa ya shingo, hukunjwa-kunjwa kama kitambaa na kuchomwa polepole mafuta yatoke. Kule Fukuoka huizungushia kijitini, wakaichoma, wakaipumzisha, wakaichoma tena, kazi ya siku kadhaa. Gegedu linatafunwa, halimezwi kwa haraka. *Bonjiri* ni ile nyama ya mkiani yenye mafuta ambayo kwetu aghalabu hukatwa ikaenda kwa paka. Nilipoionja mara ya kwanza niliwahesabu paka wa Tanga waliokula haki yangu.

Vijiti vingine ni vya kuwahi. Kuku ana moyo mmoja, na mshikaki mmoja wa mioyo unakula kuku wanne au watano. Vile vipande viwili vya mviringo vilivyojificha mgongoni, karibu na nyonga, huitwa *sori*, jina walilolikopa kwa Wafaransa wanaoviita kile anachokiacha mjinga. Viwili tu kwa kuku mzima. Ukiingia saa tatu usiku ukaulizia sori, utachekewa kwa heshima. Kuna na *chochin*, taa ya karatasi: kiini cha yai ambalo halijatagwa, kinaning'inia kwenye ncha ya kijiti pamoja na kipande cha mrija wake. Kiweke mdomoni chote kwa mara moja, kitapasuka. Asiyependa asilazimishwe.

Kila kijiti utaulizwa: *shio* au *tare*? Yaani chumvi au sosi. Ukishindwa kuamua, mwambie mpishi aamue yeye. Kwa kawaida firigisi, kidari, gegedu na mkia huenda na chumvi. Maini na *tsukune*, yaani nyama ya kusaga iliyofinyangwa, huenda na sosi. Sosi hiyo ni ya soya, sukari, na pombe mbili za mchele, mirin na sake, na haipakwi kwa brashi. Kijiti kinachomwa hadi karibu kuiva, kinachovywa chunguni, kinarudi motoni, kinachovywa tena. Kila kinapozama kinaacha mafuta yake na harufu ya mkaa. Chungu hakimalizwi, kinaongezewa tu, miaka nenda miaka rudi, na usiku sosi inachemshwa. Chungu cha kwetu kazini kilikuwa na utandu mweusi mdomoni, mgumu kama lami, na kuusugua ilikuwa marufuku. Nakiri sikuwahi kuupenda utandu ule. Sosi yenyewe naiota mpaka leo.

Sasa mkaa, na hapa mniwie radhi kwa urefu. Jiko zuri linatumia *binchotan*, mkaa mweupe wa mti mgumu wa jamii ya mwaloni uitwao *ubame*, maarufu zaidi ukiwa wa mkoa wa Wakayama. Inasimuliwa kwamba jina limetokana na Bitchuya Chozaemon, mfanyabiashara wa Tanabe aliyeuuza mwishoni mwa karne ya 17. Mkaa wetu unapikwa kwenye tanuri la udongo na kuzimwa humo humo kwa kunyimwa hewa. Huu, siku ya mwisho, tanuri linafunguliwa kidogo kidogo, hewa inaingia, joto linapanda kufika nyuzi 1,000 hivi, kisha vipande vinavutwa nje vikiwa vyekundu na kufukiwa kwenye majivu na mchanga wenye unyevu. Ndiyo maana unatoka na vumbi jeupe. Chukua vipande viwili uvigonganishe: vinalia kama chuma. Wa kwetu ukiuangusha unameguka, huu unaweza kukuvunja kidole cha mguu.

Kuuwasha ni adhabu. Ukishawaka, unadumu saa nyingi, miali yake ni haba, na moshi wake wenyewe karibu haupo. Moshi unaounusa unatoka kwenye mafuta ya kuku yanayodondokea makaa. Joto lake linakupiga kama jua la saa saba, moja kwa moja kwenye nyama, likakausha ngozi kabla ndani hakujapoteza maji. Gesi haiwezi hivyo, kwani ikiungua hutoa mvuke. Jiko lenyewe ni sanduku jembamba, na halina wavu. Lina vyuma viwili vya kulaza kijiti, nyama ikaning'inia hewani. Mpishi anapepea kwa kipepeo cha karatasi na mianzi, ndugu wa kile chetu cha ukili. Akipepea chini anaamsha moto, akipepea juu anafukuza moshi mchafu usiishike nyama. Makaa hayatandazwi sawasawa: upande mmoja yamerundikwa, mwingine yamepungua, na vijiti vinahama siku nzima kama watu wanaotafuta kivuli.

Kijiti kikifika mbele yako, kile papo hapo. Usipige picha kumi. Na tafadhali, usichomoe nyama kwa vijiti vya kulia ukaigawa kwenye sahani ili kila mtu aonje. Najua kwetu kugawana ni adabu. Hapa umevunja kazi ya asubuhi nzima: maji yanamwagika, nyama inapoa, na kile kipande cha kwanza kilichotiwa chumvi zaidi ili kikuamshe ulimi kinachanganyika na vya chini. Mkitaka kugawana, agizeni vijiti viwili. Ukimaliza, weka kijiti kwenye kikombe kirefu kilichopo mbele yako.

Utaona kidari, *sasami*, kinakuja cheupe nje na cha waridi ndani, kimepakwa wasabi, kile kiungo cha kijani kinachochoma pua. Wengine watakuambia kuku wa hapa ni safi kiasi kwamba hilo halina shida. Usafi wa jiko hauviondoi vijidudu vya campylobacter, maana vinatoka kwenye utumbo wa kuku na vinaishi hata kwa kuku mwenye afya, na Wizara ya Afya ya Japani yenyewe inaonya dhidi ya kuku mbichi au asiyeiva. Ini bichi la ng'ombe lilipigwa marufuku mikahawani mwaka 2012, nguruwe mbichi mwaka 2015. Kuku hajafikiwa na katazo kama hilo la nchi nzima. Mimi nimekula, na nimeshaugua. Ukiwa na mtoto, mjamzito au mzee, mwambie mpishi *yoku yaite*, choma vizuri. Hatakasirika.

Kuhusu kuku wenyewe, mtaona neno *jidori* kwenye orodha. Ni kuku wa kienyeji, lakini si kwa kauli ya muuzaji tu kama sokoni kwetu. Kuna kiwango cha serikali kwa anayetaka alama yake: angalau nusu ya damu iwe ya kuku wa asili wa Japani, alelewe si chini ya siku 75, na kuanzia siku ya 28 atembee huru sakafuni, wasizidi kumi kwa mita moja ya mraba. Hinai wa Akita, Nagoya Cochin na Satsuma wa Kagoshima ndio wenye sifa. Nyama yao ina kani, hasa pajani. Kwa tsukune sioni haja ya kulipia jina.

Kwa ndugu zangu Waislamu, niseme bila kuzunguka. Sosi ina sake na mirin. Kusema chumvi hakutoshi, kwani majiko mengi hunyunyizia sake hata vijiti vya chumvi, na kuku hakuchinjwa kihalali isipokuwa mahali pamesema hivyo waziwazi. Tena si kila yakitori ni ndege. Muroran, kule Hokkaido, yakitori yao ni nguruwe na vitunguu maji, inaliwa na haradali. Higashimatsuyama, karibu na Tokyo, ni nguruwe pia. Fukuoka nguruwe na kuku wanalala jiko moja. Tafuteni mikahawa yenye cheti cha halali, Tokyo ipo, na ulizeni kuhusu sosi hata humo.

Mwishoni omba supu ya mifupa. Mahali pengine inakuja bila kuombwa, nyeupe, chumvi kidogo, kwenye kikombe cha chai. Kisha lipa, sema *gochisosama*, yaani asante kwa chakula, uwahi treni ya mwisho.

Ukichelewa kutoka utamwona mpishi akiokota makaa kwa koleo, kipande kimoja kimoja, akiyatia kwenye chungu chenye mfuniko. Yanazimika humo kwa kukosa hewa. Kesho jioni yatatangulia kuwashwa, maana yaliyokwisha kuungua mara moja hushika moto upesi kuliko mapya. Kazi ya kwanza ya moto niliyopewa mimi ilikuwa hiyo, kuuzima.