Kabla Jiji Halijapokea Ardhi ya Zawadi

Mtu anapojitolea kulikabidhi jiji ardhi bure ili iwe hifadhi ya uoto wa asili au eneo la wazi, jambo la kwanza linalopaswa kuchunguzwa ni hati, wala si uzuri wa mahali penyewe. Kasoro nyingi za ardhi hurekebishika kwa fedha na muda, ilhali sharti baya lililoandikwa na mtoaji huweza kuliandama jiji kwa miongo mingi.

Mji wa Macon, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, uliliona hilo kwa uchungu. Mwaka 1911 Seneta Augustus Bacon aliandika wosia ulioukabidhi mji huo eneo la Baconsfield liwe bustani, lakini kwa ajili ya Wazungu. Mji ulilipokea, na kwa miaka mingi bustani ikaendeshwa kwa ubaguzi huo. Mwaka 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba bustani hiyo haiwezi kuwafungia milango Wamarekani Weusi. Kisha mwaka 1970 ikaridhia hukumu ya mahakama za Georgia kwamba, maadamu kusudi la mtoaji haliwezekani tena, ardhi irudi kwa warithi wake. Wakazi wote wakaikosa. Sharti lile lilikuwa dhuluma tangu lilipoandikwa, na wajibu wa mji ulikuwa kulikataa kabla ya kupokea chochote.

Ndiyo maana mwanasheria wa jiji husoma kila kifungu kinachotaja ardhi kurejea kwa mtoaji, akaangalia kama kuna rehani, deni la kodi, mgogoro wa mipaka au njia ya umeme inayokatiza. Nchini Marekani huulizwa pia nani anamiliki madini, kwani huko haki ya kuchimba yaliyo chini inaweza kuwa mikononi mwa mtu mwingine kabisa.

Baada ya hati hufuata ukaguzi wa mazingira. Hatua ya awali haihitaji kuchimba udongo: mkaguzi hupitia kumbukumbu na picha za zamani zilizopigwa kutoka angani, huwahoji majirani, kisha hutembea shambani. Bomba jembamba la chuma lililochomoza kwenye nyasi laweza kuashiria tangi la mafuta lililofukiwa. Doa la udongo mweusi ambapo hapaoti kitu lastahili kuulizwa. Dalili zikiwapo, ndipo sampuli huchukuliwa na kupelekwa maabara. Tahadhari hii ina sababu nzito, kwa kuwa sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1980 inaweza kumdai mmiliki wa sasa gharama za kusafisha sumu ambayo hakuimwaga yeye.

Thamani ya kiikolojia hupimwa kwa jinsi kipande hicho kinavyoungana na vingine. Ekari chache kando ya mto, zinazounganisha misitu miwili na kuyapa maji ya mafuriko nafasi ya kutawanyika, aghalabu hufaa kuliko eneo kubwa lililozingirwa na barabara. Hapa sharti nia ya mtoaji itazamwe bila aibu: wajenzi wa mitaa mipya wakati mwingine hutoa miteremko na mashimo ya maji ya mvua yasiyouzika, wakitaka yahesabiwe kuwa maeneo ya wazi waliyotakiwa kutenga.

Halafu kuna matunzo, na kwa maoni yangu hapa ndipo halmashauri nyingi hujidanganya. Ardhi ya bure inahitaji walinzi, kung'oa magugu vamizi, kukata miti mikavu iliyoinamia barabara na kulima kinga ya moto kila mwaka. Mtoaji anaweza kuombwa aambatanishe mfuko wa fedha za matunzo. Asipoweza, na bajeti ikiwa haipo, ni heshima zaidi kumwelekeza kwa shirika la hifadhi kuliko kupokea na kutelekeza.

Kupokea nako hakutoshi. Jijini Nairobi, mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee alitoa bustani yenye jina lake mwaka 1906, lakini mwaka 1991 ulikuwapo mpango wa kujenga jengo la ghorofa humo, ukazuiwa na wananchi, akiwamo mjukuu wake, Zarina Patel. Katika jimbo la New York, bustani ya umma haiwezi kuuzwa wala kubadilishiwa matumizi bila idhini ya bunge la jimbo. Pasipo na sheria kama hiyo, matumizi ya umma ya kudumu yaandikwe katika hati yenyewe na kusajiliwa siku ileile ya makabidhiano, mtoaji akiwa bado yupo kueleza alichokusudia.