Hepatitisi B inavyofika kwenye saratani ya ini

Mtu akipimwa hepatitisi B na mistari miwili ikajitokeza kwenye kipimo cha haraka, swali huwa: "Dokta, chanjo nitaipata wapi?" Kwake chanjo imechelewa. Anachohitaji ni kufuatiliwa, na sababu imo ndani ya seli za ini lake.

Kirusi kikishaingia kwenye seli, vinasaba vyake hujikunja duara ndani ya kiini na kukaa humo miaka. Vipande vingine hujichomeka katika vinasaba vya mtu mwenyewe, pengine jirani na jeni inayosimamia ukuaji wa seli. Hapo hepatitisi B na hepatitisi C huachana: C huleta saratani hasa baada ya sirosisi, yaani ini kujaa makovu, B yaweza kuileta hata makovu hayajafika huko. Kwa hiyo ALT, kipimo cha damu cha ini, ikiwa sawa, usijione umepona. Inaonyesha seli zinazoumia sasa, si zilizokwisha kubadilika. Utafiti wa Taiwan wa 1981, uliofuatilia wanaume 22,707, ulikuta wenye kirusi wana hatari ya saratani ya ini mara 223 kuliko wasio nacho.

Umri wa kuambukizwa una uzito mkubwa. Watoto wachanga 9 kati ya 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa hubaki nacho. Watu wazima ni chini ya 5 kati ya 100. Uganda ilianza kuchanja watoto mwaka 2002, kuanzia wiki ya 6. Kwa mama mwenye kirusi, wiki 6 ni mbali mno: mtoto wake anahitaji dozi ndani ya saa 24.

Halafu kuna karanga. Sumukuvu ya kuvu wa karanga na mahindi huharibu jeni ya p53, mlinzi wa seli, na ikikutana na hepatitisi B hatari huzidishana. Kukaanga hakuiondoi. Anika juu ya turubai, si udongoni, mpaka karanga itikisike ndani ya ganda. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupe; usizisage ukapikia odii, rojo ya karanga, usiwape kuku.

Ultrasaundi ni kila miezi 6, hata usiposikia maumivu. Ini huuma uvimbe ukishakuwa mkubwa. Ukionekana chini ya sentimita 2, bado unaweza kukatwa au kuunguzwa. Usikubali AFP, kipimo cha damu cha saratani ya ini, peke yake, kwani uvimbe mdogo mwingi hauipandishi. Nenda bila kula kwa saa 6, gesi tumboni isifiche picha.

Si kila mtu huanzishiwa tenofovia, dawa ya kukizuia kirusi, kidonge cha miligramu 300 kila siku. Aliyeanza asiache kwa uamuzi wake, maana kirusi hurudi kwa kishindo na ini laweza kushindwa ndani ya majuma machache. Anayetumia ARV (dawa za VVU) zenye tenofovia tayari anatibiwa B pia. Akibadilishiwa dawa, amkumbushe daktari kuwa ana hepatitisi B kabla hajatoka chumbani.