Mbwa Kaanza Uoga Ukubwani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mbwa wetu ana miaka saba, na geti la chuma limebamizwa mbele yake maisha yake yote. Mwaka huu akaanza kulikimbia. Likigonga tu, kafyata mkia, kajikunyata nyuma ya pipa la maji, anatetemeka huku mate yakimtiririka. Majirani hawakukosa la kusema.

"Kaona jini." Basi kila mbwa anayekodolea macho ukuta mtupu usiku ana jini lake. Sikio la binadamu hukomea kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. La mbwa huvuka 40,000. Panya wa darini anatosha kabisa.

"Mchape, aache ujinga." Sasa ana vitu viwili vya kuogopa: geti na wewe.

"Ukimbembeleza unamfundisha uoga." Hofu si ujanja wa kuomba nyama. Akikufuata, mwache alale miguuni pako. Akitaka kujificha, usimvute atoke.

"Ni tabia tu, atazoea." Hili ndilo lililotuchelewesha sisi. Mtoto wa mbwa huogopa mambo mengi, lakini mbwa mzima anayeanza uoga ukubwani apimwe mwili kwanza: masikio, macho, meno, viungo. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza na Brazili walichapisha ulinganisho wa mbwa 20 waliokuwa wakiogopa sauti, 10 kati yao wakiwa na maumivu ya viungo au misuli. Wenye maumivu walianza uoga wakiwa wakubwa kuliko wenzao, kwa wastani wa karibu miaka minne. Maelezo ya watafiti ni kwamba mbwa akishtuka misuli hukakamaa, panapouma pakazidi kuuma, na kichwani mwake kelele na maumivu vikawa kitu kimoja.

Wetu hakuwa akichechemea hata kidogo. Alikuwa tu ameacha kuruka kibarazani, tukasema uzee. Daktari wa mifugo alipoikunja nyonga ya kushoto, mbwa akageuza kichwa ghafla na kujilamba midomo. Dawa ya maumivu imemrudisha kibarazani. Geti bado linamshtua, ila siku hizi hatetemeki. Na msimpe Panadol wala diklofenaki ya nyumbani, zinaweza kumuua.

"Hana kichaa, mbona anakunywa maji?" Hili ni la hatari. Kuogopa maji ni dalili ya kichaa cha mbwa kwa binadamu. Mbwa mgonjwa anaweza kuyafuata maji vizuri tu. Kwake angalia tabia iliyobadilika ghafla: mkali kawa mpole au mpole kawa mkali, anajificha gizani, taya linaning'inia, mate hayamezeki. Watu humtia mkono mdomoni wakidhani kakwamwa na mfupa. Usifanye hivyo, hasa kama hajachanjwa. Akikung'ata, au mate yake yakigusa kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.