Msiniulize "Vijana Wangapi?"

Nimeulizwa tena. Safari hii ni familia ya hapa Ujiji inayomsafirisha baba yao kwenda kusini kwa meli, na swali ni lilelile la siku zote: "Fundi, tuandae vijana wangapi wa kumbeba?" Hakuna aliyenitajia upana wa kiti chake. Hakuna aliyesema kama mzee anaweza kusimama, hata kwa kushikilia. Mzigo utakaopakiwa siku hiyo haukutajwa kabisa. Ni vijana wangapi tu, kana kwamba tunahamisha kabati. Kwa hiyo naandika, ili anayefuata nimtumie kiungo cha ukurasa huu na vocha yangu ipone.

Kwa wageni humu: mimi ni fundi wa viti mwendo, nimesomea TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia pale hospitali ya KCMC, Moshi. Kazi yangu hasa ni kupima mtu, kumtengenezea kiti kinachomfaa na kukirekebisha kikichoka. Lakini ukiwa fundi wa viti Kigoma, utake usitake utafika gatini. Mtu akishapata kiti anataka kusafiri, na safari za huku ni reli, barabara au ziwa.

Imani ninayopigana nayo ni hii: kumsaidia abiria wa kiti mwendo ni suala la misuli. Tafuta vijana wanne wenye mabega, mpe kila mmoja buku mbili, mzee atafika. Na kweli atafika. Ila nimewaona waliofika wakiwa na bega lililoteguka, kiti kisicho na kikanyagio kimoja, na hasira ya kutosha kuapa kwamba hawatapanda meli tena.

Kabla ya nguvu kuna maswali, na la kwanza si "anatembea?" Kutembea si taa, kwamba imewaka au imezimika. Mashirika ya ndege yalilitambua hili zamani, yakaweka madaraja matatu ambayo hutumika duniani kote. WCHR ni abiria anayepanda ngazi mwenyewe na kufika kwenye siti yake, ila umbali mrefu humshinda. WCHS hawezi ngazi, lakini ukimfikisha mlangoni atajikongoja hadi kwenye siti. WCHC anahitaji kusaidiwa mpaka anapokaa. Watatu hawa wote wanaonekana wamekaa kwenye kiti kilekile cha magurudumu, na msaada wanaouhitaji haufanani hata kidogo. Sioni sababu ya gati kutokuwa na madaraja kama hayo, hata kwa chaki ubaoni.

Hapa kwetu yapo mawili tu: mzima na wa kubebwa. Matokeo yake ni kichekesho. Mama aliyepata kiharusi, ambaye upande wake wa kulia una nguvu kabisa, anafika kwenye daraja la kupandia melini, anashika ukingo, anainuka ili apige hatua nne anazoziweza. Nusu ya gati inaanza kumsifu Bwana kwa muujiza, nusu nyingine inanong'ona kwamba kumbe alikuwa anaigiza. Wakati huohuo kijana mmoja mwenye huruma anamdaka kwa kuuvuta mkono wa kushoto, ule uliopooza. Tafadhali sana, mkono uliopooza hauvutwi. Misuli ya bega inayoushikilia imelegea, na kuuvuta ni kulitegua bega lenyewe. Mngemuuliza, angewaambia: "Simama kushoto kwangu, usinishike, kaa karibu tu." Sentensi moja.

Muulizeni mwenyewe, si mwanawe. Mzee anajua mwili wake, na heshima ya kumwamkia shikamoo haimaliziki pale mnapoanza kumzungumzia juu ya kichwa chake.

Sasa daraja la kupandia. Kipimo tunachofundishwa cha mteremko wa kiti ni moja kwa kumi na mbili: kupanda mita moja kunahitaji njia ya mita 12. Chukua mtu wa kilo 70 kwenye kiti cha kilo 18. Kwenye mteremko huo, anayesukuma anapambana na kama kilo 7 zinazotaka kurudi nyuma, na mtu mmoja anatosha. Chukua sasa daraja la mita 4 linalopanda mita moja. Kilo zilezile 88 zinamrudia kwa uzito wa kama kilo 22, na hilo si tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni kwamba kiti cha kawaida kwenye mwinuko huo kinaanza kutafuta kuanguka chali. Kijana wa tano hazuii hilo. Linazuiwa na abiria kuinamia mbele, msukumaji kuwa upande wa chini akiwa karibu na kiti, na wa pili kuwa mbele ameshika fremu. Wakati wa kushuka mteremko mkali, kiti kinashuka kinyumenyume, abiria akitazama alikotoka. Anayeshusha kiti uso mbele huku akikizuia kwa kukivuta anacheza kamari kwa mwili wa mwenzake.

Wenzetu wa Dar es Salaam na Zanzibar wana maji kujaa na kupwa. Pwani ile maji yanaweza kutofautiana kwa zaidi ya mita tatu ndani ya saa sita, kwa hiyo daraja la saa mbili asubuhi si lile la saa nane. Ziwa Tanganyika halina mambo hayo, na watu hudhani basi daraja letu ni lilelile kutwa. Siyo. Ziwa lenyewe limepanda miaka ya karibuni, kila anayeishi ufukweni anajua. Na meli inashuka kadiri inavyopakia. Ikiwa tupu inaelea juu na daraja linasimama kama ngazi. Ikishajaa magunia, saruji na madumu ya mawese inazama kidogo na daraja linalala.

Hapo ndipo vitabu vinaponiacha njiani. Kanuni inayorudiwa kila mahali ni kwamba abiria wa kiti apandishwe kwanza, kabla ya umati. Kwa meli zetu, "kwanza" maana yake ni daraja kali kuliko wakati wowote. Nikisubiri mzigo uingie, daraja linakuwa rafiki, lakini sitaha imejaa matenga na mikeka, na hakuna njia ya kupitisha kiti chenye upana wa sentimita 63. Nimejaribu yote mawili na sijaridhika na lolote. Ninachofanya siku hizi ni kuongea na msimamizi wa mzigo mapema, niingize mtu mzigo mzito ukishaingia na umati ukiwa bado nje ya geti. Anakubali akiwa na moyo mzuri siku hiyo. Huo si utaratibu, najua, ni bahati.

Turudi kwenye kubeba, maana kuna siku haiepukiki: ngazi zipo, njia nyingine hakuna. Na hili ndilo linalonipandisha presha. Kiti mwendo kina sehemu zinazochomoka. Zimetengenezwa zichomoke! Mikono ya kiti inatoka ili mtu ahamie kitandani kwa kuteleza pembeni. Vikanyagio vinatoka ili afike karibu na meza. Sasa vijana wanne wanafika, na kila mmoja anashika anachokiona mbele yake: wawili mikono ya kiti, wawili vikanyagio. Wanahesabu moja, mbili, tatu, wanainua, na mkono wa kiti unabaki kwenye kiganja cha kijana huku mzee akielekea kushoto. Kisha naletewa kiti na kuambiwa eti "kilikuwa kibovu". Hakikuwa kibovu. Kimefanya kazi yake sawasawa.

Shika fremu, yaani mabomba makuu yasiyotoka. Ukipanda ngazi, kiti kinapanda kinyumenyume kikiwa kimelazwa juu ya magurudumu makubwa, mwenye nguvu zaidi akiwa juu ameshika mishikio ya nyuma, baada ya kuhakikisha mipira yake haizunguki wala kuchomoka. Wa pili yuko chini ameshika fremu ya mbele. Kazi yake ni kuongoza na kuzuia, si kuinua. Gurudumu linapanda ngazi moja, mnapumua, linapanda nyingine. Watu wawili. Wawili wanaojua wananitosha kuliko sita wanaopiga kelele, kwa sababu sita hawainui kwa wakati mmoja, na kiti huegemea kwa mvivu. Anayetoa amri ni mmoja, na ningependa awe abiria mwenyewe kama sauti anayo.

Breki. Breki ya kiti mwendo inabana tairi. Tairi likiwa halina upepo, breki haibani chochote, inagusa tu. Nusu ya viti ninavyoviona gatini vina tairi laini. Jazeni upepo kabla ya kutoka nyumbani. Na mkiwa sitahani msitegemee breki peke yake. Kuanzia kama Mei mpaka Septemba upepo wa kusini hulitikisa ziwa vya kutosha kukisogeza kiti chenye breki nzima. Fungeni fremu kwa kamba kwenye kitu kisichosogea. Fremu, nimesema, si gurudumu, na kwa hakika si mtu.

Hilo la mwisho lina uzito wake. Vijiji vingi vya mwambao havina gati: meli inasimama majini, boti za mbao zinakuja ubavuni, watu na mizigo wanashukia humo. Hapo sitaki kumwona mtu amekaa kwenye kiti chake ndani ya boti, sembuse akiwa amefungwa mkanda. Boti ikipinduka, chuma kinakwenda chini, na huku kwetu chini ni mbali. Abiria akae sakafuni mwa boti juu ya mto wake, jaketi okozi mwilini, kiti kimekunjwa pembeni yake. Jaketi zenyewe zinanipa wasiwasi: zimeshonwa kwa mtu mwenye miguu inayofanya kazi na kiwiliwili kinachojishikilia. Mtu aliyepooza kuanzia kifuani huelea kwa namna yake. Wateja wangu nawashauri walijaribu jaketi kwenye maji ya kiunoni, na ndugu wawili kando, kabla ya siku ya safari. Wengi hunicheka.

Kuna kundi jingine linaloniandikia: wenye watoto Ulaya au Marekani waliomkatia mama tiketi ya meli ya kitalii, zile kubwa kama zinazofika Zanzibar. Wanadhani huko kila kitu kimemalizwa. Meli hizo zina lifti na korido pana, ni kweli. Lakini msaada wa kiti unaotolewa kwa kawaida ni wa kupanda na kushuka tu: kutoka jengo la abiria mpaka chumbani, na siku ya mwisho kurudi. Si mtu wa kumsukuma mama kutwa nzima, na si kiti cha kukaa nacho wiki nzima. Kiti aende nacho chake, na msaada uombwe siku ya kukata tiketi. Halafu pimeni kiti, kwa sababu mlango wa chumba cha kawaida kwenye meli nyingi haufiki sentimita 60, na kiti kinazidi hapo. Kuna vyumba maalumu vyenye milango ya kama sentimita 80; ni vichache na vinawahiwa. Na zikifika bandari zisizo na gati la kuzitosha, nazo zinashusha watu kwa boti ndogo, na nahodha akiona mawimbi anaweza kumzuia abiria asiyeweza kupiga hatua mwenyewe. Ndiyo, kama Mwambao wa Tanganyika, tofauti ni mazulia.

Mengine haraka. Mto wa kiti unamfuata mtu popote anapokaa. Asiyehisi makalio akikalia benchi la mbao saa mbili tu anaweza kuanza kidonda cha mgandamizo, na kidonda hicho hukaa miezi. Ajiinue au ainuliwe kila nusu saa. Choo: nendeni mkakione mapema, maana milango ya meli ina vizingiti virefu vya kuzuia maji, na watu wengi hulitatua tatizo hilo kwa kutokunywa maji siku nzima. Hilo si suluhisho, ni homa ya figo inayosubiri. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010, na inasomeka vizuri. MV Liemba, meli kongwe ya ziwa hili, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 na haikuisoma.

Familia ya Ujiji, nimewajibu: vijana wawili, nikae nao jioni moja niwafundishe, na walipwe kama mafundi. Baba ni wa lile daraja la pili, la WCHS: anasimama akishika. Kilichobaki ni kushuka, ambako hamkuniuliza kabisa. Pigeni simu kwa mwenyeji wake leo: boti gani itakuja, nani atakuwa ndani yake, ufukweni kuna mchanga au mawe. Na kiti kishuke kwenye boti ileile na baba, kabla ya magunia, kwa sababu boti ikishaondoka bila kiti meli haiwezi kukirudisha mpaka safari nyingine.