PAR ni nini, na kwa nini uiulize mbele ya kubadilisha taa ya akwariamu

Mtu akienda Birere, hapa Goma, kutafuta taa mpya ya akwariamu yake yenye mimea, swali ya kwanza anaulizaka ni "iko wati ngapi?", muuzaji anajibu 20, anajibu 30, basi anachukua ile ya wati mingi na anarudi nyumbani anajua mimea sasa itakomaa. Lakini wati inakuambia tu taa inakula umeme kiasi gani. Ampuli ya zamani ya wati 60 na LED ya wati 9 zinatoa mwanga karibu sawa, ile ingine yote ilikuwa inapotea mu joto.

Wengine wanaangalia lumeni. Iko afadhali, ila lumeni inapima mwanga vile jicho ya mtu inauona, na jicho yetu inaona sana kijani na manjano, pale karibu na nanomita 555 (nanomita njo inapima wimbi la mwanga, kila rangi na yake). Mmea una mambo yake. Klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, inakamata zaidi bluu na nyekundu, kwa hiyo taa yenye unaiona ya zambarau na hafifu inaweza kulisha mimea vizuri kuliko ile nyeupe yenye inakuumiza macho.

PAR njo ile sehemu ya mwanga yenye mmea unaweza kutumia kujitengenezea chakula, kuanzia nanomita 400 mpaka 700. Wanapima chembe za mwanga zenye zinaanguka ku metre mraba moja kila sekunde, wanaandika kwa mikromoli. Jua ya saa sita hapa Goma, mbingu ikiwa safi, inaweza kufika karibu 2,000. Akwariamu haihitaji hata sehemu ya kumi ya ile: mimea ya kivuli inaishi vizuri na 15 mpaka 30, ya katikati 30 mpaka 50, na mimea myekundu pamoja na yale majani mafupi ya kutandaza mbele yanataka 50 na kuendelea.

Sasa angalieni vizuri, hii namba haina maana kama haujui imepimwa wapi. Taa moja ileile, ku akwariamu yenye kina cha sentimita 30 itakuwa na nguvu ku mchanga, ku ile ya sentimita 50 itafika chini imechoka. Ukiona shina linapanda mbio, majani iko mbali moja na ingine na ya chini inageuka manjano na kuanguka, ujue mwanga haufiki chini, mmea unaufuata juu.

Na kuzidisha nayo iko mbaya, hapa njo watu wengi wanaumia. Mwanga ukipanda, mmea unataka kaboni dioksidi zaidi na mbolea zaidi wakati uleule. Ni kama kujaza makala ku mbabula na maji ya bugali iko kidogo. Mmea unakwama, mwani njo unafaidika: nywele za kijani ku mawe, madoa magumu ku kioo. Wa kwanza kuteseka ni Anubias, mmea wa mito ya misitu ya Afrika ya Kati, hata Kongo yetu. Umezoea kivuli cha miti, unakua polepole sana, jani moja linakaa miezi mingi, na ukiliweka chini ya taa kali litajaa madoa ya kijani yenye hayatoki hata ukifuta na kidole. Weka Anubias pembeni ao chini ya mti mkubwa wa majini, utaona linapendeza.

Kwa hiyo ukibadilisha taa, kama hauna chupa ya kaboni dioksidi usikimbilie zaidi ya 30 ao 40 ku mchanga. Anza na masaa 6 kwa siku, mimea ikizoea panda mpaka 8. Taa ikizidi nguvu, ipandishe juu ya kioo sentimita kumi hivi, haikuombi kununua kitu. Na juu ya delestaji, ile saa ya prizi ya kuzungusha kwa mkono inasimama umeme ukikatika, ukirudi inaendelea pale iliachia, mwisho wa juma taa inawaka usiku wa manane. Tafuta yenye iko na betri ndani.

Kipimo chenyewe cha PAR iko bei kali, lakini simu inaweza kukusaidia. Weka programu ya kupima luksi (ni lumeni zenye zinaanguka ku metre mraba moja), akwariamu ikiwa bado kavu ulaze simu chini kabisa, kioo yake ikiangalia taa, kisha namba yenye unapata ugawe kwa 70. Luksi 2,100 ni kama mikromoli 30. Ni makadirio, na ni ya LED nyeupe tu, ku taa ya zambarau simu itakudanganya kwa sababu nayo imetengenezwa kuona sawa na jicho ya mtu.