Mwani kwenye chakula cha perege: gundi, si protini

Siku hizi wafugaji wengi wa samaki Arusha na Moshi wanauliza kama mwani wa Tanga au Zanzibar unaweza kuchukua nafasi ya dagaa, maana bei ya dagaa haishikiki. Jibu langu ni hapana. Mwani mwekundu unaolimwa kwenye pwani yetu, spinosamu na kotonii, una protini ndogo mno, mara nyingi chini ya asilimia 10, huku dagaa wakavu wazuri wakifika 55. Faida yake ni ule ute unaoshikamanisha chakula kisimeguke majini.

Kwa kilo 10 za chakula cha perege wanaokuzwa napendekeza hivi: dagaa wa kusaga kilo 2, soya iliyokaangwa kilo 2.5, mashudu ya alizeti kilo 2, pumba za mahindi kilo 2.5, unga wa mwani nusu kilo, unga wa muhogo gramu 400, na mchanganyiko wa vitamini na madini gramu 100. Hapo protini ni kama asilimia 28. Ukitoa kilo moja ya dagaa na kuongeza kilo moja ya mwani, inashuka hadi 23 hivi, na samaki watadumaa.

Kazi kubwa iko kwenye kuosha. Mwani mkavu huja na mchanga na chembe nyeupe za chumvi. Suuza haraka kwa maji baridi mara mbili au tatu. Usiuloweke usiku kucha, ute utaondoka na maji. Anika mpaka uvunjike kwa vidole, saga, chekecha kwa chekeche laini. Chumvi ikibaki, chakula kitavuta unyevu na kuota ukungu ndani ya gunia, na sumukuvu haiondoki kwa kuanika upya.

Unga wa mwani ukichanganywa mkavu haushiki kitu, kwa sababu ute wake hufunguka kwenye joto. Upike uji kwa lita 3 za maji, koroga mpaka uvutike, kisha mimina kwenye unga mwingine. (Arusha maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi kwa sababu ya mwinuko, zinatosha.) Vitamini zisubiri donge lipoe. Pitisha kwenye mashine ya kusagia nyama, anika tambi kivulini, zivunjevunje.

Tumbukiza punje chache kwenye glasi ya maji. Zikikaa robo saa bila kumeguka, ni sawa. Maji yakichafuka mapema, ama uji haukuiva ama pumba hazikusagwa vizuri.

Mwani usizidi asilimia 10 ya chakula. Perege hawazimeng'enyi vizuri nyuzinyuzi za mwani, na majivu yake mengi (madini yanayobaki mwani ukiunguzwa) yanachukua nafasi ya chakula chenyewe. Kwa vifaranga mimi nauacha kabisa: wanahitaji protini ya asilimia 35 na zaidi.

Juni na Julai, maji ya bwawa yakishuka chini ya nyuzi 20, perege hula kidogo sana. Tengeneza chakula cha wiki mbili tu.